Spiriti Huua Viini, Lakini Huunguza Pia

Majuzi, katika maabara ya shule moja ya upili, nilimwona mwanafunzi akijipaka spiriti mikononi, kisha akachukua kiberiti kabla haijakauka. Mwalimu alimdaka mkono. Nilishukuru, lakini nikajiuliza: je, wangapi hawana mwalimu karibu?

Tangu janga la Korona la mwaka 2020, vitakasa mikono vimezagaa shuleni, ila maarifa ya kuvitumia hayakuandamana navyo. Wengi hudhani kuwa spiriti kali zaidi ndiyo bora. Sivyo. Ile ya asilimia 70 huua viini vyema kuliko ya asilimia 95, kwa kuwa maji husaidia kuharibu protini za viini, nayo haikauki upesi mno. Mikono yenye matope au mafuta yahitaji sabuni na maji. Kidonda kilicho wazi kisimiminiwe spiriti. Kioshwe kwa maji safi.

Nawasihi walimu wafundishe jambo hili kwa vitendo: paka ya kutosha, sugua kote, ngoja ikauke, kaa mbali na moto. Chupa nazo zifungwe na kuandikwa kilichomo. Tahadhari kabla ya hatari.