Mzazi Amefeli? Nyinyi Mlimsaidia Lini?

Kila vijana wa mapanga wanapovamia watu Kisauni ama Likoni, filamu ni ile ile. Usiku polisi wanazoa mabarobaro mitaani. Asubuhi kiongozi anasimama mbele ya kamera, anasema wazazi wamefeli, anapanda gari lake, huyoo. Na sisi tunashea hiyo klipu na kuandika chini yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Ndugu zangu, hebu tuangalie methali hiyo tunamtupia nani. Mama anayetoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu na kurudi magharibi. Ana watoto wanne, baba yao haonekani. Wa kwanza ana miaka 13, ameanza kurudi saa sita usiku na pesa ambazo mama hajui zimetoka wapi. Amuulize nani? Akienda kwa chifu, anaambiwa mlete tumfungie akome. Shuleni anapewa barua ya kumrudisha mtoto nyumbani. Majirani watamsema barazani mpaka ajute kufungua mdomo. Basi ananyamaza, ama anachukua mwiko anampiga mtoto, na mtoto anahamia maskani kabisa.

Na kwani mtoto ni wa mama pekee? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema malezi ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Sijawahi kusikia kiongozi akiuliza kwenye kamera: baba wako wapi?

Kifungu hicho hicho kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho. Ya mwisho! Sasa zile za kwanza ziko wapi? Mtaani kwetu hatua ya kwanza ni gari la polisi, na ya pili ni mahakama.

Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Wanasiasa wakabishana wiki nzima. Tuseme marufuku ingebaki: yule mzazi ambaye mwanawe tayari anatafuna usiku kucha, halali, hali, amekuwa mkali, angepata nini zaidi ya tangazo? Angempeleka kwa mshauri gani, zahanati gani, siku gani? Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti afya, vituo vya kulelea watoto, na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hivyo wasituambie hiyo ni kazi ya Nairobi.

Kuna wanaosema darasa la malezi ni mambo ya mashirika na wazungu. Jamani, hapa Pwani msichana alikuwa na somo wake na kungwi wake. Mvulana akizurura saa za chuoni, mzee yeyote alimshika mkono akamrudisha. Hayo yalikuwa mafunzo na ushauri, ila hatukuyaita programu. Tumeyaacha yakafa, halafu tunamlaumu mama aliyebaki peke yake. Mkono mmoja haulei mwana. Hiyo nayo ni methali yetu, mbona hatuiandiki chini ya klipu?

Na inafanya kazi. Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, familia 552 za maeneo 40 zilishiriki katika utafiti uliochapishwa 2018. Katika nusu ya maeneo hayo, wazazi na vijana wao walikaa pamoja vikao 14, wakifundishwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Walijifunza kuzungumza bila ngumi, kupanga pesa kidogo walizonazo, na kubeba msongo wa mawazo bila kuumizana. Ukilinganisha na familia ambazo hazikupata darasa hilo, unyanyasaji ulipungua, na matumizi ya ulevi yalipungua kwa wazazi na kwa vijana wao. Hizo hazikuwa familia za kitajiri. Ni maskini kama sisi.

Basi wasituambie pesa hakuna. Tunataka darasa la malezi la kila wiki katika kila wadi, na baba waitwe kwa majina. Tunataka mshauri nasaha kwenye zahanati, siku inayojulikana, mama aende bila kuogopa kwamba mwanawe ataripotiwa. Vyumba viko: kumbi za jamii, na madrasa ambazo zina saa nyingi zimefungwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bungeni kabla ya 30 Aprili kila mwaka. Wananchi lazima waulizwe maoni. Nendeni. Msiende kupiga selfi na kunywa soda. Muulizeni MCA wenu: shilingi ngapi za malezi, ukurasa wa ngapi? Akishindwa kuonyesha, aandikiwe barua na nakala ibaki kwenu.

Na wewe uliyemaliza chuo unasubiri kazi, kuna dogo mmoja kwenye kona yenu ameanza kupotea. Unamjua jina. Mchukue Jumamosi, mcheze mpira, muulize amekula nini. Halafu ukapige hodi kwao, umwambie mamake hayuko peke yake.