Kitabu cha Kibangubangu kiko Ulaya, wazee wako hapa



Mwaka wa 1954, Mbelgiji mmoja, A. E. Meeussen, alitoa kitabu juu ya namna Kibangubangu kimejengwa. Kilichapwa na makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, tena kwa Kiholanzi. Basi mtoto wa Kabambare akitaka kusoma lugha ya bibi yake, aanze kujifunza Kiholanzi! Huyo bwana hatumlaumu. Alifanya kazi, akaandika pia juu ya Kilega, na lugha za Kibantu zikamfikisha kuwa profesa kule Leiden. Lakini kijana wa kwetu akisema anataka kusomea lugha, tunamcheka: utakula nini?

Tuseme ukweli. Kasongo mjini tunasema Kiswahili tangu wakati wa Tippu Tip, wengine wanakiita Kingwana. Hata hii tangazo iko kwa Kiswahili. Hatukikatai, ni chetu. Ila Kizimba na Kikusu wengi wetu tunavisikia tu bibi akikasirika, na tunamjibu kwa Kiswahili. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila watu wanatoka kila upande, na Kiswahili njo kinawasikilizisha. Lugha ya nyumbani inabaki kwa wazee, na wazee wanakwenda.

Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inataja lugha nne za taifa. Zingine inaziita urithi wa Kongo, na inasema Leta inazilinda. Tunauliza: inazilinda wapi? Serikali ya jimbo itafute nakala ya kile kitabu, kitafsiriwe, kifike Kabambare. Lubumbashi kuna CELTA, kituo cha utafiti wa lugha: mwanafunzi wa Maniema apewe burse ya kusoma huko, na pesa ya njia ya kurudi kijijini kufanya utafiti wake. Bila ile pesa ya njia, ataandika juu ya Kifaransa kama wenzake.

Na sisi tusingoje. Telefone tunazo. Muombe muzee ruhusa, mumurekodi, mutaje kijiji na tarehe. Muanze na majina ya samaki na miti. Wazee wa vijiji viwili wakisema neno moja kwa namna mbili, musiwasahihishe: muandike zote mbili. Batri ikiisha, kalamu iko.