Hamlet Mbele ya Kioo
Uzungumzinafsi wa Hamlet wa Shakespeare, ule anamopima kama aendelee kuishi au ajitoe uhai, umewatoa jasho waongozaji wa filamu, kwa sababu kamera haipendi mtu asimame tu akisema. Laurence Olivier, mwaka 1948, alijipandisha juu ya ngome, mawimbi yakipiga miamba chini, na sehemu ya maneno tunayasikia akilini mwake huku midomo imefumbwa. Jambia linamponyoka, linatumbukia baharini. Picha nzuri, lakini bahari inamfunika mwigizaji. Franco Zeffirelli, 1990, akamshusha Mel Gibson makaburini kwa baba yake. Mwaka 2000 Michael Almereyda akamtembeza Ethan Hawke kwenye duka la kukodisha kanda za video, katikati ya rafu za filamu za mapigano: kijana aliyeshindwa kutenda, amezungukwa na watu wasiojua kusita. Hilo lilinigusa sana. Hata hivyo mimi niko na Kenneth Branagh wa 1996. Anajitazama kwenye kioo kikubwa, asijue kwamba mfalme Claudius, aliyemuua baba yake, na mshauri wake Polonius wamejificha nyuma ya kioo hicho wakimwona waziwazi. Anasema kwa sauti ya chini, bila papara, akikisogelea kioo. Anapochomoa jambia na kulielekeza kwenye sura yake mwenyewe, kule nyuma Claudius anashtuka. Ghafla mawazo ya mtu na nafsi yake yamekuwa tishio kwa muuaji. Tena Branagh hakubuni kujificha huko: Shakespeare mwenyewe ndiye aliyewaficha wawili hao kabla Hamlet hajaingia, na waongozaji wengi huwasahau.