UKURASA WA FUNDI: Mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, tuanzie wapi?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kunoa randa na patasi. Mwezi huu vijana wametubana. Wameona kwenye simu mashine ndogo ya kuchonga mbao yenyewe, inaitwa CNC, na mtu ameitengeneza nyumbani kwake kwa mbao na skrubu. Wakaja na swali moja: "Wazee, sisi hatuwezi?"

Tunawezaje kusema hapana bila kujaribu? Tulijaribu. Leo tunawaeleza tulichojifunza, pamoja na ubao tulioharibu, ili ninyi msiharibu wa kwenu.

Kwanza, pesa. Kikundi chetu cha akiba kilikaa kuongea. Baba mmoja, seremala tangu Bukavu, akasema hii mashine itawanyang'anya wazee mkate. Kijana akajibu eti bila mashine tutabaki nyuma. Maneno yakawa mingi. Mwisho mama mmoja mtunza hazina akakata shauri: "Pesa yote hatutoi. Tunatoa ya kipande cha kwanza. Mkituonyesha kinatembea, tunatoa ya pili." Tunamshukuru mama huyo mpaka leo, mtaona kwa nini.

Hii CNC ni nini hasa

Ni meza yenye mota tatu. Moja inasukuma kisu kulia na kushoto, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Kompyuta inatoa amri kwa namba: nenda hapa, shuka milimita moja, kata mpaka pale. Basi, hakuna uchawi. Huko Marekani chuo cha MIT kilionyesha mashine ya namna hii mwaka 1952, ikisoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Wakati ule ni viwanda vikubwa tu vilivyoweza kuwa nayo.

Kilichoshusha bei ni vitu viwili. Mwaka 2005 huko Italia ilizaliwa kadi ndogo ya umeme inayoitwa Arduino, na mwaka 2009 ikatoka programu ya bure inayoitwa Grbl, inayoiwezesha kadi hiyo kuendesha mota tatu. Na Waafrika hawakulala. Mwaka 2013 kule Togo, Kodjo Afate Gnikou alionyesha mashine ya kuchapa vitu vya plastiki aliyoiunda kwa vyuma vya printa na kompyuta zilizotupwa. Hapa Rwanda, tangu 2016 kuna karakana ya FabLab huko Kigali yenye mashine za aina hizi. Kwa hiyo jambo lenyewe liko karibu.

Cha kununua na cha kuokota

Mbao za meza tunazo. Tusitumie mkaratusi mbichi, utapinda na mashine itapinda nao. Tafuteni mbao nyororo za kubandikwa, zile za kabati kuukuu, mradi ziwe kavu na zimenyooka.

Skrubu ndefu: kwenye kenkayeri yoyote ya Kamembe ulizeni fimbo ya chuma yenye uzi ya milimita 8. Mota ikiizungusha mara moja, nati inasogea milimita 1.25. Ni pole pole, lakini ni bei nafuu.

Mota: printa na mashine za fotokopi zilizokufa huwa nazo. Lakini angalieni nyaya. Tunayotaka ni mota ya hatua, inayotembea kidogo kidogo kwa kuhesabu, na ina nyaya nne, tano au sita. Yenye nyaya mbili tu si yake, iacheni. Kwenye printa hizo hizo mtapata fimbo laini za chuma, hizo ni reli nzuri sana.

Umeme: pawa ya kompyuta kuukuu inatoa volti 12, inatosha kwa kuanzia. Kadi ya Arduino ya kuiga, kadi za kuendeshea mota na mota tatu ndogo mpya huuzwa mtandaoni kwa jumla chini ya dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Hapo ndipo pesa inakwenda. Basi msinunue vyote siku moja.

Na onyo moja: msichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa. Ile kadi ya mota inakufa palepale. Sisi ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, kwa mkono wetu.

Hatua kwa hatua

1. Pimeni pembe ya meza. Sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, na kamba ya kukatiza iwe 100 kamili. Isipokuwa 100, pembe si sawa, na kila kazi itatoka imelala.

2. Fungeni kwa boliti, msigundishe kwa gundi. Sisi wa Nyarushishi tunajua: hii ni kambi ya kupita. Leo uko Rusizi, kesho jina lako linasomwa unapanda gari kwenda Mahama. Mashine isiyofunguka itabaki hapa. Ya kwetu inafunguka, inaingia kwenye magunia mawili.

3. Msifunge kisu kwanza. Fungeni biki. Ndiyo, kalamu ya biki, na karatasi mezani. Amrisheni mashine ichore mraba wa sentimita 10, halafu duara. Hiki ndicho "kipande cha kwanza" mama mhazina alichotaka kuona, na hakiharibu ubao wa mtu.

Duara letu la kwanza lilitoka kama yai. Tulidhani ni kompyuta, kumbe ni nati. Nati ikiwa imelegea kwenye uzi, mashine ikigeuka kurudi inapoteza nusu milimita kabla ya kusogea. Dawa yake: tumieni nati mbili zenye springi katikati, zikisukumana. Duara likanyooka.

4. Duara likiwa zuri mara tatu mfululizo, ndipo mfunge rauta ndogo ya mkono, na muanze na mbao za kutupwa. Kila mzunguko ushuke milimita moja tu. Mkiona moshi au mkisikia mashine inalia, simamisheni.

Ubao tulioharibu

Hapa tuseme ukweli. Mikono ilituwasha. Familia moja ilituagiza kichwa cha kitanda cha arusi, ubao wa libuyu, mzuri mno. Tulianza kuchonga maua. Yakiwa nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, sisi na furaha yetu tukabonyeza kuanza upya. Kisu kikashuka mahali pengine kabisa, kikapasua ua lililokwisha kumalizika.

Sababu ni hii, muishike sana: mashine hii haina macho. Inahesabu hatua tu. Umeme ukikatika inasahau iko wapi, na ikiwashwa inadhani pale iliposimama ndio mwanzo. Siku hizi tunachora alama ya msalaba kwenye kona ya kila ubao. Umeme ukirudi, tunakirudisha kisu kwenye alama kwa utaratibu, tunaanza pale.

Ubao ule tuliulipa. Familia tukaitengenezea kichwa kingine kwa patasi, na aliyekichonga ni yule yule baba aliyeogopa kunyang'anywa mkate. Alikimaliza siku mbili kabla ya arusi. Hakutucheka, lakini alituangalia.

Je, itawanyang'anya wazee mkate?

Tufanye hesabu pamoja. Skrubu yetu ikizunguka mara 300 kwa dakika, kisu kinakwenda milimita 375. Mfereji wa mita moja ni karibu dakika 3. Ukitaka wenda chini milimita 8, ni mizunguko minane, yaani dakika 21. Fundi mwenye randa nzuri ya mfereji hangoji dakika 21! Kwa kazi moja iliyonyooka, mkono unashinda.

Mashine inashinda pale kazi inapojirudia: herufi za kibao cha duka, maua yale yale kwenye milango sita, vipande vya kuchezea watoto vinavyotakiwa kulingana. Na hata hapo, nani atachagua mbao? Nani atajua nyuzi za mti zinakwenda wapi, ataunga, atasugua, atapaka vanishi? Kijana asiyejua randa atatengeneza takataka haraka tu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi kwenye kikundi: kijana anayetaka kugusa mashine, kwanza atengeneze kigoda kwa mkono, na mzee akikague. Na mzee anayetaka, kijana atamfundisha kuchora kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ya Inkscape. Yule baba yetu ameshachora ua lake la kwanza. Anasema panya wa kompyuta anateleza kuliko samaki wa Kivu.

Kwa wazazi

Mashine hii inakata, haijui mkono wa mtoto na ubao. Watoto wasikae karibu. Wekeni swichi ya kuzima pahali mkono unafika upesi. Vaeni miwani, funikeni pua maana vumbi la mbao linaharibu mapafu, na nguo pana au kitenge kinachoning'inia kisikaribie. Msiiache ikifanya kazi peke yake, hata kwa kwenda kuchota maji: kisu kikikwama kinachoma ubao, na moto kwenye nyumba zilizobanana sisi wote tunauogopa.

Wiki iliyopita mama mhazina alikuja karakana Kamembe. Tulimchorea jina lake kwa biki, halafu tukalichonga kwenye kipande cha mti wa gereveriya. Alikigeuzageuza, akauliza bei ya rauta, akaandika kwenye daftari. Hajasema ndiyo. Lakini kile kipande aliondoka nacho.

Mwenye printa iliyokufa asiitupe, atuletee. Mwenye swali aje, kuuliza si ujinga. Tukijaliwa, mwezi ujao tutaongea juu ya kukausha mbao wakati wa mvua. Kwaherini, na mungu awalinde.