Niliisingizia Lenzi

Wadau, leo naomba niungame. Miaka miwili iliyopita niliuza lenzi yangu ya milimita 50, ile ya f/1.8, kwa bei ya kutupa, na kila aliyekuwa tayari kunisikiliza nilimwambia haifai. Ushahidi wangu ulikuwa picha moja tu: mama lishe usiku kibandani kwake, akinisimulia jinsi alivyoambiwa ahame kabla hakujapambazuka. Mwanga uliokuwepo ni wa kibatari. Nilirudi ofisini nikaikuza picha kwenye kompyuta, nikakuta macho yana ukungu. Mhariri wa picha akaikataa, na mimi nikailaumu lenzi.

Juzi nimeifungua tena. Jamani! Hereni ya sikio la kushoto inaonekana mpaka mikwaruzo yake. Lenzi ilifanya kazi yake, ila mimi nililenga sikio badala ya jicho. Mhariri alikuwa sahihi kuikataa picha. Mimi ndiye niliyekosea mshtakiwa.

Nadhani wengi wetu tunakosea hapa. Chukua kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, fungua lenzi ya milimita 50 hadi f/1.8, kaa mita 1 kutoka kwa mtu. Eneo litakaloonekana vizuri ni kama sentimita 4 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukiyumba kidogo umeshatoka. Kwa hiyo picha ikiharibika jiulize kwanza: nimekosa shabaha, mkono umetikisika, au mtu mwenyewe amesogea? Ukishamaliza hayo matatu ndipo uigeukie lenzi.

Sisemi lenzi hazina makosa. Tundu likiwa wazi kabisa, miale inayopita pembezoni mwa kioo haikutani sehemu moja na ile ya katikati, ndiyo maana picha hulegea, hasa kwenye pembe. Ukilibana tundu hadi f/5.6 au f/8 unaikata ile miale ya pembeni na picha inakaza. Basi ukitaka kuihukumu lenzi kwa haki, weka kamera kwenye stendi, bandika gazeti ukutani, lenga kwa kukuza maandishi kwenye kioo cha nyuma, na tumia saa ya kuchelewesha ili mkono wako usiguse kitu. Piga kwa f/1.8, f/2.8 na f/5.6, ukilenga upya kila mara. Kama kwa f/1.8 hata katikati ni uji mtupu, irudishe dukani.

Lakini hata jaribio hilo halimalizi kesi, kwa sababu hatununui lenzi hizi ili tupige picha za ukuta. Lenzi ya kawaida ya milimita 18-55 ukiivuta hadi mwisho huishia f/5.6. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Pale ambapo yenyewe inatosheka na sekunde 1/60, nyingine inadai 1/6, na hakuna mama anayesimulia machungu yake huku ametulia kama sanamu.

Mwaka 1975 ilitoka filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick. Baadhi ya sehemu zake zilipigwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Waigizaji walilazimika kukaa karibu bila kusogea, maana ukisogea tu umetoka kwenye shabaha. Wale walijua udhaifu wa chombo chao, wakapanga kazi kuufuata.

Halafu kuna hesabu ya gazeti. Picha ya upana wa sentimita 20 ikichapwa kwa nukta 200 kwa inchi inahitaji pikseli kama 1,600. Kamera ya megapikseli 24 inakupa 6,000 kwa upana. Ulegevu mdogo unaotukosesha usingizi kwenye kompyuta, msomaji wa kwenye daladala hataujua kamwe. Jicho lililokoswa kabisa ataliona.

Baada ya kuuza ile lenzi nilitumwa tena kazi ya usiku, nikalazimika kuwasha flashi. Picha ilitoka kali, kila tofali linahesabika. Ila giza nililoliandika kwenye habari halikuwemo, na mtu wangu alikuwa amefinya macho kama anayepigwa tochi na polisi.

Habari ya yule mama lishe ilitoka bila sura yake. Kibanda hakipo tena, na picha ile haiwezi kurudiwa. Nimeshanunua f/1.8 nyingine, ya mtumba. Safari hii nafanya mazoezi ya kulenga jicho kabla sijaanza kuichambua lenzi.

Naomba kutoa hoja.