Dondoo ni Ahadi

Wengi wetu husoma mistari miwili iliyo juu ya makala, kisha tukashika hamsini zetu. Kwa sababu hiyo, dondoo la habari za kiraia halina ruhusa ya kuficha jambo ili livute macho.

Chukua umuganda wetu hapa Rwanda. Mmoja ataandika: "Usipojua hili, Jumamosi utajuta!" Msomaji ametishwa, hakuelimishwa. Mwingine ataandika: "Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi, wakazi wenye uwezo wa miaka 18 hadi 65 hushiriki umuganda. Je, utautumiaje mkutano unaofuata kazi kueleza kero ya mtaa wako?" Huyu ametaja siku, saa na wahusika, kisha ameacha swali la kukuingiza ndani.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi uandikapo dondoo, jiulize: atakayeishia hapo ataondoka na ukweli au na hofu tupu? Kwa atakayeendelea, dondoo ni ahadi. Na ahadi ni deni.