Wangapi walimpiga Simon?

Leo stori za nani kamwacha nani tuziweke pembeni kidogo. Funga mkanda, tunakwenda New Zealand, kule chini kabisa ya ramani ambako ukiteleza kidogo tu unadondokea kwenye barafu. Wale jamaa wa raga wanaojipiga mapaja na kutoa ulimi kabla ya mechi unawajua, si ndiyo? Ile kitu inaitwa haka, na wenyewe wenye nayo ni Wamaori. Sasa kuna kitabu cha huko ambacho kimeninyima usingizi siku nne mfululizo, na sioni kwa nini nikeshe peke yangu.

Kitabu kinaitwa The Bone People. Mwandishi ni mwanamama Keri Hulme. Ukisikia jina hilo, "watu wa mifupa", unaweza kudhani ni mambo ya makaburini na mashetani. Wapi! Kwa Kimaori kuna neno iwi. Neno hilo hilo moja maana yake ni mfupa, na pia ni kabila, watu wako, wale mliotoka pamoja. Sisi tunasema damu yangu, wao wanasema mfupa wangu. Basi hapo ndipo jina lilipotoka, na ukimaliza kusoma utaona lilivyokaa mahali pake.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna dada mmoja anaitwa Kerewin, mchoraji. Kashinda bahati nasibu, akazichukua zile hela akajijengea mnara ufukweni, akajifungia humo na pombe yake, gita lake na samaki wake. Na ndugu zake hawaongei. Kuchora kwenyewe mkono umegoma. Siku moja ya mvua anarudi nyumbani anakuta mtoto kaingia ndani bila hodi, wa miaka sita au saba hivi, nywele nyeupe kama katani, mwiba umemzama mguuni. Anamuuliza, mtoto kimya. Ni bubu. Anasikia kila kitu ila hasemi, anaongea kwa vidole na kwa kuandika vikaratasi. Kavalishwa kibati chenye jina lake: Simon.

Mlezi wake ni Mmaori, anaitwa Joe, mfanyakazi wa kiwandani. Simon si wa kumzaa. Bahari ndiyo iliyomtema baada ya chombo kuzama, na hakuna aliyejua ni mtoto wa nani. Joe na mkewe wakamchukua. Haikupita muda mrefu, mafua makali yakamchukua mke, yakamchukua na mtoto wao mchanga. Joe akabaki na huyu wa kuokota, tena mwizi, mkaidi, hashikiki shuleni.

Hapo najua unachosubiri. Dada mpweke, mjane mwenye sura nzuri, mtoto anayehitaji mama: kinachofuata si mapenzi? Hakuna! Joe anataka ndoa, Kerewin hataki kuguswa, na mwandishi hamlazimishi. Mimi hapo nilimvulia kofia. Riwaya nzima ya watu watatu wanaohitajiana vibaya sana, na hakuna busu la kuwaokoa.

Kinachokuja ni kipigo.

Joe anampenda yule mtoto. Nataka ulielewe hilo vizuri, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Anamwogesha, anamkumbatia, anamhadithia, anamlilia. Na huyo huyo anamvua shati na kumchapa mkanda mpaka ngozi inachanika. Kerewin anakuja kuuona mgongo wa Simon, makovu mapya juu ya makovu ya zamani. Na hapa ndipo kitabu kinapoanza kukuhukumu wewe unayesoma. Maana Kerewin akiuona ule mgongo, haendi polisi. Anawaza, anazunguka, anakunywa. Ndugu wa Joe nao wanajua. Wapo wanaomkemea, wapo wanaonung'unika jikoni, ila hakuna anayesema basi, mtoto huyu leo analala kwangu.

Baadaye wanakwenda mapumzikoni ufukweni wote watatu, na huko Kerewin na Joe wanashikana. Dada kasomea mapigano Ujapani, anamshindilia Joe hadi anakaa chini mwenyewe. Baada ya hapo yanakuja makubaliano: Joe hatamgusa tena mtoto bila ruhusa ya Kerewin. Ukisoma unashusha pumzi. Unasema afadhali, kapatikana mtu mzima hapa.

Rudia kuyasoma hayo makubaliano lakini. Hayasemi kwamba mtoto hatapigwa. Yanasema atapigwa kwa ruhusa.

Na siku inafika. Simon kamkuta mzee mmoja anayemjua amekufa, kapigwa na butwaa, anakimbilia mnarani kwa Kerewin. Kerewin yeye ana hasira zake: kisu chake cha thamani kimepotea na mwizi anamjua. Wanagombana, mtoto anapiga teke lile gita linapasuka, anafukuzwa. Bubu akiwa na hasira aseme nini? Anaingia mjini anavunja vioo vya maduka, kimoja baada ya kingine, mpaka polisi wanamkamata na kumpeleka kwa Joe. Joe anachukua simu anampigia Kerewin, kama walivyokubaliana. Kerewin anamwambia mtoto maneno ambayo hata adui humwambii. Na ruhusa inatoka.

Nilifunga kitabu pale. Nikakaa. Joe aliinua mkono, sawa, hilo halina ubishi. Ila ile simu! Mtu yuko mbali, kwenye mnara wake, mikono yake misafi kabisa, na kwa sentensi chache tu mtoto anavunjwa taya na kupoteza sehemu ya usikivu wake. Safari hii Simon hakukubali kwenda kimyakimya. Alikuwa kaficha kipande cha kioo mkononi, akamchoma nacho Joe tumboni. Wote wawili hospitali. Joe akitoka anakwenda jela miezi mitatu. Miezi mitatu! Kerewin hakufungwa hata siku moja.

Sasa wewe hapo ulipo, hujawahi kuwa ile simu? Jirani anampiga mwanawe, wewe uko dirishani unasema "atamfunza adabu, katundu sana kale". Shangazi anapiga simu kushtaki, "mtoto wako kanijibu ovyo, mshughulikie". Samaki mkunje angali mbichi, tumeimbishwa tangu chekechea, na mimi sijawahi kumsikia mtu akiuliza samaki akivunjika inakuwaje.

Kitabu hiki kilizua kasheshe lake pia. Mwaka 1985 kiliingia kwenye mashindano ya Booker kule London, tuzo ambayo waandishi wakubwa huiota usiku na mchana. Kwenye orodha ya mwisho walikuwemo Iris Murdoch na Doris Lessing, yule aliyekulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambaye baadaye 2007 alikuja kuchukua Nobeli. Majaji wakagawanyika. Mmoja wao, mwigizaji Joanna Lumley, alikipinga waziwazi: kipigo cha mtoto hakikumwingia akilini kuwa ni kitu cha kupewa zawadi. Simcheki. Kuna kurasa hata mimi nilizisoma kwa jicho moja. Ila kukichukia kitabu kwa sababu kimeonyesha ule mgongo, kwangu mimi ni sawa na yale manung'uniko ya jikoni ya ndugu wa Joe. Kitabu kilishinda. Kilikuwa cha kwanza kutoka New Zealand kushinda Booker, na mara ya kwanza mtu kuichukua kwa riwaya yake ya kwanza.

Keri mwenyewe ukumbini hakuwepo, alikuwa Marekani. Walioinuka kwenda kuipokea ni wanawake watatu wa Spiral, kikundi kidogo kilichokitoa kitabu, na walikwenda mbele kwa mwito wa Kimaori katikati ya wale mabwana wa suti nyeusi. Pata picha! Wanawake hao hawakuwa na kampuni ya maana. Keri alihangaika na riwaya hii miaka 12, akaipeleka kwa wachapishaji wakaikataa, au wakataka waikate, na yeye hataki hata mstari uguswe. Spiral ndio waliosema lete. Wakachapa nakala 2,000 mwaka 1984, makosa ya chapa yamo humo humo, na zikaisha ndani ya wiki chache. Mshikaji wangu unayeandika mashairi kwenye daftari la nyuma, hapo nadhani umenielewa.

Keri alikuwa mtu wa aina yake. Alizaliwa Christchurch mwaka 1947, mtoto wa kwanza kati ya sita, baba akafariki yeye akiwa na miaka 11. Akachuma tumbaku, akaanza sheria chuo kikuu akaiacha, akapika chipsi, akasambaza barua. Akajijengea nyumba yake ya pembe nane huko Ōkārito, kijiji kidogo cha pwani ya magharibi, akakaa humo miaka na miaka akivua samaki na kuvuta kiko. Hakuoa wala kuolewa, na alisema wazi kwamba mambo hayo hayakumwita. Riwaya nyingine kubwa tuliyoingoja haikutoka. Alifariki Desemba 2021.

Ukoo wake nao ulimletea maneno. Kwa upande mmoja ni wa Kāi Tahu, kabila la Wamaori wa kisiwa cha kusini, kwa upande mwingine Waingereza na Waskoti. Akatokea msomi mmoja mashuhuri wa huko huko, C. K. Stead, akahoji: mama huyu mwenye bibi au babu mkuu mmoja tu wa Kimaori kati ya wanane, anapewaje tuzo ya fasihi ya Wamaori? Machotara wanaonisoma wanayajua maswali hayo, huulizwa pande zote mbili. Mimi naona jibu limo kwenye riwaya yenyewe: Kerewin kwa hesabu za damu ni Mmaori kidogo, Joe ni Mmaori zaidi, Simon si Mmaori hata tone, na mwisho ni mfupa mmoja.

Naomba usitoke hapa ukisema Wamaori ndio zao kupiga watoto. Joe naye alipigwa utotoni, na babu yake. Na huko New Zealand kulikuwa na wakati watoto wa Kimaori walichapwa shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama zao. Wenzetu wa Kenya waliovishwa vibao shingoni kwa kosa hilo hilo hawahitaji maelezo. Kimaori kilikuja kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 1987, miaka mitatu baada ya kitabu. Fimbo za shule nazo zikafutwa miaka hiyo hiyo. Nyumbani ilichukua muda zaidi: mpaka 2007 ndipo Bunge lao lilipofuta kinga ya mzazi aliyesema mahakamani kwamba alitumia nguvu za kiasi tu. Wananchi walinuna! Kwenye kura ya maoni ya 2009, asilimia 87 walisema kofi la malezi lisiwe jinai. Sheria ikabaki vile vile.

Nirudi kwa Joe, maana najua swali lako. Anasamehewa? Akitoka jela anazunguka kama mtu aliyekufa, anakutana na mzee mmoja wa Kimaori aliyekuwa akimngoja miaka, analinda jiwe takatifu la mababu, na anamkabidhi kazi hiyo. Kerewin anaubomoa mnara wake kwa mikono yake, anaumwa karibu kufa, anapona kimiujiza, anakwenda kuinua jumba la zamani la ukoo lililoanguka. Sehemu hii wapo wanaoiona ndoto tupu. Mimi pia nilikunja uso; Joe kapata jiwe takatifu, mtoto kapata masikio mabovu, mbona hesabu haikai sawa?

Ila kuna Simon. Serikali inamchukua na kumpeleka kwenye nyumba ya kulelea watoto, kwa nia njema kabisa, na yeye anatoroka. Wanamrudisha, anatoroka tena, kiziwi nusu, anatembea kumtafuta Joe. Wenye vitabu vyao vya sheria wamekaa wakapanga, madaktari wamepanga, ndugu wamepanga, na ni mmoja tu ambaye hakuulizwa anataka nini. Mwisho wanakutana wote watatu, kwenye nyumba mpya ambayo safari hii Kerewin hakuijenga kwenda juu kama mnara, kaijenga ya mviringo kama konokono wa baharini. Simon sasa yuko chini ya jina lake kisheria. Hakuna ndoa. Kuna ndugu wengi, chakula, na gita.

Mimi kurudi kwake kwa Joe sijaafiki mpaka leo. Ukikisoma, niandikie uniambie kama wewe umeafiki. Mtaani tunakutana wiki ijayo.